Bunduki ya risasi moja kwa mbogo: risasi ya pili iko mkononi mwako

Kila msimu ukifunguliwa Julai lazima atokee mgeni anayeshuka kwenye kindege pale uwanja wa vumbi na kasha refu, ukilifungua unakuta bunduki ya risasi moja, haina magazini wala mtutu wa pili, na vijana wa kambini wanaanza kunong'ona kaka huyu anakuja kutuponza. Mi huwa nawaambia tulieni. Nimewahi kuwa na wageni waliobeba bunduki za bei mbaya za mitutu miwili wakajeruhi mbogo tukamtafuta siku mbili, na nimemwona mama mmoja wa makamo na kibunduki chake cha risasi moja, Ruger No. 1, akafyatua mara moja tu na mbogo hakumaliza hatua 40. Tofauti ilikuwa kwenye maandalizi. Hii nawaandikia wadogo zangu mnaosomea uwindaji bingwa na yeyote anayetaka kwenda porini kihalali na bunduki ya aina hii, kwa sababu hii kitu inafundishika kabisa ila watu wanaifundisha nusu nusu.

Kwanza sheria, tuimalize haraka. Hapa Tanzania unawinda kwa leseni, ukiwa na mwindaji bingwa na skauti wa wanyamapori, wanyama wa hatari bunduki ya chini ya .375 (huo ni upana wa risasi kwa inchi) haikubaliki, na kupiga ukiwa kwenye gari hamna. Kenya walishafunga uwindaji tangu 1977 kwa hiyo ukivuka mpaka na mawazo hayo unajitafutia jela. Asiye na kibali asome tu kwa kujifunza.

Bunduki yenyewe sio ngeni huku kwetu. Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza ambaye lile pori letu lilibeba jina lake, alianza kuwinda tembo kwa magobori makubwa ya kushindilia baruti mdomoni, baadae akahamia kwenye bunduki za risasi moja za mtindo wa Farquharson, ule uliosajiliwa 1872, na ndo alifanya nazo kazi miaka mingi. Kaburi lake liko Beho Beho alipouawa tarehe 4 Januari 1917, sasaivi ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ruger No. 1 iliyotoka 1967 inafuata njia hiyohiyo: unavuta leva iliyo chini ya triga, kipande kizito cha chuma kinashuka, chemba inabaki wazi, unaweka risasi kwa mkono, unarudisha leva, imefunga. Hamna boliti ya kwenda mbele na nyuma kwa hiyo bunduki nzima inakuwa fupi kama sentimita 10 kuliko ya boliti yenye mtutu uleule, na kwenye vichaka vya mto Rufiji ufupi huo utaushukuru. Zipo pia za kukunja katikati kama shotigani, nazo kanuni ni zilezile.

Kwenye saizi ya risasi, mtu akiniuliza namwambia .375 H&H kama ndo mara yake ya kwanza, kichwa cha gramu 19 na ushee kinachotoka mita kama 770 kwa sekunde, kinatosha mbogo kikienda panapotakiwa. .458 inabeba gramu 32, inapiga vizuri sana ila inapiga na bega lako, na mtu anayeogopa bega lake anafumba macho akivuta triga, nimeliona hilo mara nyingi mno. Ila kipenzi changu kwa bunduki hizi ni zile za zamani zenye ukingo kitakoni kama .450/400. Ukingo ule ejekta, kile kidude cha kutoa ganda, inaung'ata vizuri na ganda linatoka, alafu zilitengenezwa kwa presha ndogo makusudi, wazee wa enzi za kodaiti, ile baruti ya zamani isiyo na moshi, walishaona kwenye joto la India na Afrika presha inapanda na maganda yanaganda kwenye chemba.

Na hilo la kuganda nimeliona kwa macho yangu. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la kupasua kichwa, mgeni wangu ameacha mkanda wake wa risasi juu ya dashibodi ya Kruza tangu asubuhi, na mimi sikuangalia, hilo nalibeba mimi. Saa sita tukakuta madume matatu mazee yamelala kwenye kivuli, tukanyata mpaka mita 45, akafyatua, mbogo akashtuka akajikunja, ikawa zamu ya risasi ya pili. Leva ikashuka nusu ikagoma. Namwona anasukuma na kiganja, jasho linamdondoka kwenye mbao za kitako, na yule mbogo ameshageuza uso anatuangalia. Nikampiga mimi. Ganda tulikuja kulitoa kambini kwa ufito wa kusafishia, tukiligonga kutokea mdomoni mwa mtutu. Tangu siku hiyo risasi za mgeni nazishika kwa mkono wangu kabla hatujaondoka, zikae kivulini, ndani ya kitambaa, na chemba naikagua ikauke isiwe na mafuta maana mafuta kwenye chemba yanafanya ganda lisukume nyuma kwa nguvu zaidi. Huo ufito nao unatembea na traka, yule mfuata nyayo wetu, siku zote.

Sasa tuje kwenye mkono, hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Bunduki ya risasi moja haiko tupu baada ya kufyatua kama mkono wako umeshafundishwa. Mkono wa kushoto unashika mbao ya mbele, na katikati ya vidole unabana risasi mbili za akiba, vichwa vikiangalia mbele na vitako vikikuelekea wewe. Umefyatua: mkono wa kulia unashusha leva kwa nguvu, kwa nguvu kweli sio kwa adabu, ganda linaruka, mkono huohuo unachomoa risasi kwenye vidole, unaiteleza chembani, kidole gumba kinaisindikiza mpaka mwisho, leva juu. Mdomo wa mtutu ushuke kidogo, risasi iteleze yenyewe, ukiuinua juu itakurudia mkononi. Na macho? Macho yanabaki kwa mbogo muda wote. Kama vidole vyako vifupi au risasi ni nene, funga kibanio cha ngozi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, lakini mfukoni usiweke, mtu akishaanza kutafuta mfuko wa koti huku anatetemeka huyo hana bunduki.

Zoezi hili unalifanyia nyumbani na risasi bandia, mara 20 kila jioni, mwezi mzima kabla ya safari, kwanza polepole mpaka usikosee, alafu gizani, alafu ukiwa umekimbia kidogo unahema. Mi siridhiki mpaka mtu afikie sekunde nne bila kuangalia chini. Ile sekunde nne sijaisoma popote, ni kipimo changu, nimekipata kwa kuangalia mbogo aliyepigwa anachukua muda gani kabla hajaingia kichakani. Shabaha nayo fanyia kwenye fimbo tatu za kuegemeza bunduki ukiwa umesimama, kwa sababu meza ya kulengea porini hutaikuta.

Siku yenyewe tunafuata nyayo na chemba wazi mpaka nikwambie weka. Upepo tunaupima kwa kimfuko cha majivu, ukikugeukia tunarudi nyuma tunazunguka hata kama ni saa nzima. Na bunduki hii inataka ukaribu, mi zaidi ya mita 60 sikubali, kati ya 30 na 50 ndo pazuri. Mbogo akikaa upande, fuata mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, ukifika theluthi moja ya kimo cha mwili hapo moyo upo, na ukipandisha kidogo ni mapafu. Wengi wanapiga juu sana, wanalenga katikati ya bega lote, wanasahau kuwa mbogo pale juu amejaa nyama na miiba ya uti wa mgongo, risasi inapita na yeye anaondoka na hasira. Angalia pia nyuma yake amesimama nani, risasi ngumu inaweza kutoka upande wa pili ikajeruhi jike mwenye ndama. Risasi ya kwanza kwangu huwa laini ya kufunguka, za akiba ngumu, kwa sababu ya pili mara nyingi unampiga akiwa anakukimbia na inabidi ipenye kutokea nyuma.

Kama hakukupa upande, usifyatue. Najua ni rahisi kusema. Umetembea kilomita 12, chafuo wamekumaliza, mbogo yuko pale anakuangalia uso kwa uso kati ya matawi na moyo unakwenda mbio. Acha aende, kesho yupo.

Ukishafyatua, weka nyingine. Hata kama ameanguka, hata kama traka anakupongeza. Kosa kubwa la wenye bunduki hizi ni kuishusha waangalie kazi yao, wengine wanainama kuokota ganda. Jaza, rudi begani, piga tena kama bado anaonekana. Na kumbuka sefti ya Ruger iko pale juu nyuma ya chemba, hairudi yenyewe, ukishajaza na mbogo ametoweka irudishe kwa kidole kabla hujapiga hatua moja, mbele yako kuna migongo ya watu wenye watoto.

Akiingia kichakani tunakaa chini tusikilize. Mara nyingi akifa atatoa mlio mrefu wa huzuni, ukiusikia mwili unasisimka hata ukiwa umeusikia mara mia. Usipousikia tunasubiri nusu saa hivi, alafu tunaangalia damu: nyekundu mpauko yenye povu ni mapafu, nyeusi nzito ni ini, ikiwa na majimaji ya kijani umempiga tumboni na siku itakuwa ndefu. Hapo mgeni mwenye risasi moja hatangulii. Anakaa pembeni yangu kidogo nyuma, mtutu mbali na watu, na hafyatui mpaka nimwambie. Mbogo akija, anakuja kichwa juu pua mbele, anakuona. Lenga pua, na usiharakishe, maana ukifyatua akiwa mita 40 umebaki na fimbo ya chuma mkononi. Mita 15 hata 10. Inaogopesha na haitaacha kuogopesha.

Aliyelala naye ana mambo yake. Nilikuwa na traka mmoja, mzee wa Kingindo kutoka Liwale, siku hiyo tumekuta dume limelala ubavu kwenye majani, mimi nikashaanza kwenda mgeni akinifuata huku anatabasamu. Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, huyo bado."

"Hapumui mzee."

"Sikio hilo. Nzi ametua, sikio limemfukuza."

Nikatazama, kweli, ncha ya sikio ilitikisika mara moja ikatulia. Mgeni akampiga tena kwenye uti wa mgongo akajaza, na dume lile likanyoosha miguu yote minne kwa nguvu ya kutisha kabla halijatulia. Kwa hiyo sasa tunaendea kwa nyuma, tukitokea mgongoni, hatupiti kwenye pembe wala miguuni. Mgeni anapiga moja ya kuhakikisha kutoka hatua chache hata kama kila mtu anasema amekufa, risasi haina bei kuzidi mtu. Anajaza tena. Mimi nachukua fimbo ndefu nagusa mboni ya jicho. Jicho lisipofumba, hapo ndo namwambia mgeni shusha leva, toa risasi, nionyeshe chemba, nitie kidole changu ndani nihakikishe, alafu nawapigia mluzi vijana walete visu.