Jinsi ya Kuketi Baa Brazili: Mwongozo kwa Msafiri wa Mtwara na Lindi

Mtu wa Mtwara akisema anakwenda Brazili, swali la kwanza analoulizwa ni kama atafikia Rio au São Paulo. Kwa anayetaka kuyaona maisha ya usiku ya nchi ile, swali la kwanza linapaswa kuwa atafika siku gani. Jumatatu, ambayo kwetu hapa ni usiku wa viti kupinduliwa juu ya meza na mhudumu kusinzia kaunta, ndiyo siku ambayo wenyeji wa Rio hujazana kwenye mwamba wa Pedra do Sal kuimba samba mahali pa wazi. Jumanne ni zamu ya Pelourinho, mtaa wa kale mjini Salvador. Alhamisi watu wa Fortaleza hushuka ufukweni kula kaa. Anayepanga safari kwa umaarufu wa mji peke yake anaweza kufika penye sifa usiku ambao wenyeji wamelala.

Mimi nilifika Fortaleza kwa shughuli za korosho, kisha nikazunguka miji mingine kwa nauli yangu mwenyewe, na yafuatayo ni mambo ambayo ningependa niwe nimeambiwa kabla sijaondoka.

Kabla ya safari

Mtanzania anahitaji viza, na ubalozi wa Brazili upo Dar es Salaam, kwa hiyo maombi yaanze mapema. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake kitunzwe pamoja na pasipoti, kwa sababu Brazili imo katika nchi zenye ugonjwa huo na utaulizwa cheti utakaporejea nyumbani.

Tofauti ya saa kati yetu na Rio, São Paulo, Salvador na Fortaleza ni saa sita, na hapo Mswahili ana bahati ambayo wageni wengine hawana. Hapa ikiwa saa nne usiku, kule ni saa kumi alasiri, ambayo Mbrazili huitaja kuwa ni nne. Maana yake ni kwamba ukiiacha saa yako ya mkononi kama ilivyotoka Mtwara na kuendelea kuisoma kwa Kiswahili, unakuwa unasoma saa ya Rio kwa hesabu ya wenyewe.

Lugha ni Kireno, na Kiingereza hakitakufikisha mbali nje ya hoteli. Wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda au Palma nchini Msumbiji, wajifunze kwao maneno machache, ingawa matamshi ya Wabrazili ni mengine: neno dia, yaani siku, wengi wao hulitamka kama «jia». Hata asiye na ndugu huko tayari anayo maneno ya baa bila kujijua, kwa kuwa meza ni mesa, kopo ni copo, mvinyo ni vinho, na karata zilitoka kwenye carta. Jihadhari na limau tu. Limão ya kwao, hasa ile ya kutengenezea vinywaji, ni ndimu yetu.

Anzia boteco, usianzie kilabu

Boteco ni baa ya mtaani, na ukiielewa hiyo umeelewa sehemu kubwa ya usiku wa Brazili. Fikiria grosari ya kona yenye meza zilizomwagika hadi njiani, jiko dogo nyuma, luninga yenye mpira, na wazee ambao kila mmoja ana kiti chake. Watu huanza kuketi saa kumi na mbili jioni wakitoka kazini na huweza kukaa hadi usiku wa manane bila yeyote kuwafukuza. Kilabu cha dansi, wanachokiita balada, hakichangamki kabla ya saa sita usiku, na atakayekwenda saa mbili atawakuta wafagiaji.

Bia huagizwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni chope, bia ya pipa inayoletwa katika bilauri ndogo yenye povu la vidole viwili juu, na usilalamikie povu hilo, kwani wenyeji hulitaka. Katika baadhi ya baa mhudumu huendelea kuleta bilauri mpya kila ya zamani inapoisha, bila kuulizwa, mpaka uweke kile kisahani cha karatasi ngumu kinachokaa chini ya bilauri juu ya kinywa chake kuonyesha umetosheka. Ya pili, na ndiyo niipendayo, ni chupa ya mililita 600 iliyovikwa gamba la plastiki la kuzuia joto, ikiwekwa katikati ya meza pamoja na vikombe vidogo vya kioo. Chupa si ya mtu, ni ya meza. Unamjazia jirani kabla ya kujijazia, na vikombe ni vidogo makusudi ili bia isipate nafasi ya kupoteza ubaridi.

Ubaridi huo una habari yake. Hapa Mtwara mhudumu hakufungulii chupa kabla ya kuuliza, «Baridi au ya moto?», na wapo watu wazima wenye heshima zao ambao bia ya baridi hawaigusi. Brazili swali hilo halipo. Nilipoomba bia isiyotoka kwenye jokofu, mhudumu aliniomba nirudie, akaenda kumwita mwenzake, kisha wote wawili wakarudi na chupa yenye barafu shingoni, wakiwa na hakika kwamba Kireno changu ndicho kilichokosea. Sentensi ya kukariri ni uma cerveja bem gelada, por favor, yaani bia moja, baridi sawasawa.

Hakuna anayekunywa bila kutafuna. Belo Horizonte, mji usio na bahari ambao wenyeji wake hutania kwamba kwa kukosa ufukwe wameamua kwenda baa, ndio unaoongoza kwa mambo haya, na tangu mwaka 2000 baa zake hushindanishwa kwa vitafunwa katika mashindano yaitwayo Comida di Buteco, ambayo baadaye yalienea miji mingine. Nenda mchana katika soko la Mercado Central, simama kwenye kaunta pamoja na waliosimama, kisha uagize fígado com jiló. Mbele yako vitakaangwa vipande vya maini ya ng'ombe pamoja na vitunguu juu ya bamba la chuma, halafu utamwagiwa kitu cha kijani kilichokatwa vipande, na ukikitia mdomoni utajua ni ngogwe. Ni ngogwe hii hii ya kwenye mchuzi wa samaki, yenye uchungu ule ule wa mwishoni, iliyotoka Afrika karne nyingi zilizopita na kupata makazi katika baa. Nilikula sahani mbili.

Cachaça, na bibo lililorudi kwao

Pombe ya taifa ni cachaça, inayotoneshwa kutokana na maji ya miwa yaliyochachushwa, na sheria yao huitaka iwe na kilevi cha asilimia 38 hadi 48. Watu wa kusini hawahitaji maelezo marefu, kwa sababu wanaijua nipa, pombe kali ya mabibo, na wanajua uraka, maji ya mabibo yaliyochachushwa, huchemshwa vipi kuipata. Ila nipa hunywewa nyuma ya nyumba, sikio likiwa njiani, na cachaça huwekwa rafuni ikiwa na lebo na umri wake kama mvinyo. Ile iliyolala kwenye mapipa ya mbao hunywewa kidogo kidogo, bila kuchanganywa. Nyeupe husagwa pamoja na ndimu, sukari na barafu, ikawa caipirinha, ambayo utamu wake ni mtego: ya kwanza huonekana juisi, ya tatu humwangusha mtu aliyekuwa akijisifu.

Ukifika miji ya kaskazini mashariki, Fortaleza, Natal au Recife, omba caipirinha ya caju. Hilo ndilo bibo, tunda la mkorosho. Mkorosho ulitoka pwani hizo, ukaletwa kwetu na Wareno, na jina kanju ambalo baadhi yetu bado tunalitumia ni ndugu wa caju, neno lililotoka katika lugha ya Watupi, wenyeji wa kale wa pwani ile. Asubuhi moja ufukweni Fortaleza nilimwona mama amepanga mabibo mekundu na ya njano katika kapu, moja moja, kama mtu apangavyo mayai, nami nikayakumbuka yale yanayooza chini ya mikorosho yetu kila msimu baada ya korosho kunyofolewa. Kwa asiyekunywa pombe ipo cajuína, juisi ya mabibo iliyochujwa ukakasi na kupashwa moto hadi ikawa na rangi ya asali, fahari ya jimbo la Piauí. Usivae shati jeupe. Doa la bibo halitoki, iwe Newala au Natal.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa Lindi na Mtwara ni Waislamu, niongeze kwamba mezani hakuna atakayekushangaa ukiagiza guaraná, ambayo ni soda, maji ya dafu au juisi ya miwa. Linalotaka uangalifu ni chakula, maana nguruwe ameingia hata kwenye maharage: feijoada ni maharage meusi yaliyopikwa na nyama yake, na torresmo ni mafuta na ngozi yake iliyokaangwa. Sema sem carne de porco, yaani bila nyama ya nguruwe, kabla sufuria haijafunuliwa.

Usiku na mji wake

Pedra do Sal ipo karibu na bandari ya Rio, katika mtaa ulioitwa Afrika Ndogo. Wanamuziki huketi kuzunguka meza wakiwa na pandeiro, ambayo ni tari, cavaquinho, ambalo ni gitaa dogo, na ngoma ya surdo, na umati hulizunguka duara hilo kwa kusimama. Aliyekulia akitazama sindimba hatahitaji kufundishwa duara ni nini, lakini kuna adabu mbili. Usiweke bilauri yako juu ya meza ya wanamuziki, na usipige makofi nje ya mdundo. Mvua ikinyesha, mara nyingi shughuli huvunjika. Fika mapema, kabla jua halijazama, utembee hadi Cais do Valongo, gati walikoteremshwa Waafrika waliouzwa utumwani, wakiwamo waliotolewa Msumbiji. UNESCO iliuingiza mahali hapo katika urithi wa dunia mwaka 2017. Ijumaa na Jumamosi kishindo huhamia mtaa wa Lapa, chini ya matao meupe ya mfereji wa maji wa karne ya 18.

Salvador nenda Jumanne. Jioni kanisa la Rosário dos Pretos lina misa inayopigiwa ngoma, na baada yake viwanja vya Pelourinho hujaa muziki. Usiku mwingine kaa mtaa wa Rio Vermelho, ambako wanawake waliovaa nguo nyeupe na vilemba hukaanga acarajé, ambazo ni bajia za kunde kubwa kama ngumi, zikiiva katika mawese na kupasuliwa ili zitiwe kamba wakavu. Mama atakuuliza quente ou frio, yaani ya moto au baridi, nawe usijibu kwa mazoea ya bia. Moto anaoulizia ni wa pilipili.

São Paulo ni mji wa kila kitu, na mgeni huanzia mtaa wa Vila Madalena. Kusini mwa jiji, Santo Amaro, kuna Samba da Vela, iliyoanza mwaka 2000, ambako mshumaa huwashwa mwanzoni na kuimba hukoma unapozimika. Belém, kule kwenye mlango wa Amazoni, onja cachaça ya jambu, jani linalotia ganzi midomo. Usiogope, huisha.

Kulipa

Hapa ndipo nilipoumia. Baa na vilabu vingi vya São Paulo humpa mteja kadi mlangoni, comanda, inayoandikwa kila anachokunywa, na hulipi mpaka unapotoka. Niliiweka mfuko wa nyuma, nikacheza, nikaipoteza. Mlinzi alinionyesha bango lililotaja faini kubwa, na tulibishana muda mrefu kwa Kireno changu cha kuokoteza, kabla sijajua kwamba taasisi za kulinda walaji nchini humo huihesabu faini ya aina hiyo kuwa ni uonevu, na kwamba ningeweza kudai kulipia nilichokunywa tu. Basi ipige picha kadi yako kila inapoandikwa.

Katika bili utaona asilimia 10 ya huduma, ambayo kisheria ni hiari ingawa karibu kila mtu huilipa, na couvert artístico, ada ya wanamuziki, ambayo inapaswa kutangazwa mapema. Wenyeji hulipa kwa Pix, mfumo wa Benki Kuu ulioanza Novemba 2020 na unaofanana na malipo yetu ya simu, lakini unahitaji akaunti ya huko, hivyo mgeni abebe kadi na reais, fedha ya huko, kidogo taslimu. Kadi isitoke mkononi mwako, na kiasi kisomwe kwenye mashine kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Tahadhari

Simu isiwekwe mezani kando ya barabara, kwani huporwa na wapita njia wa baiskeli. Kinywaji ulichokiacha ukaenda msalani usikirudie, na usipokee cha mtu usiyemjua; kutiliwa dawa ya usingizi ni uhalifu wa kawaida hadi una jina lake, Boa Noite Cinderela. Wanawake wajue kwamba sheria ya mwaka 2023, iitwayo Não é Não, yaani hapana ni hapana, inavitaka vilabu na kumbi za muziki zenye kuuza pombe kumsaidia mwanamke anayesumbuliwa, kwa hiyo mhudumu au mlinzi aambiwe bila kusita. Usiendeshe gari ukiwa umekunywa hata kidogo. Sheria yao, tangu 2008, haisamehe bilauri moja.

Meza ikianza kuchoka, mtu atasema saideira, bia ya kuagia. Huwa inafuatiwa na nyingine ya kuagia, na pengine ya tatu, kwa hiyo mwenye safari asubuhi aage kwenye ile ya kwanza. Ita teksi ya programu ukiwa bado ndani, linganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu, ndipo utoke. Ukifika chumbani saa nane usiku, Mtwara ni saa mbili asubuhi. Piga simu nyumbani, utawakuta wanakunywa chai.