Kuijua bei ya umeme kabla haijafika kwenye Yaka, mita ya kulipia kabla: namna ya kufuatilia maombi yanayopelekwa ERA

Uganda, kampuni inayokuuzia umeme haijipangii bei. UEDCL, iliyopokea mtandao wa usambazaji kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, huomba tu. Anayeidhinisha ni ERA, mamlaka inayodhibiti umeme. Kati ya ombi na idhini kuna muda, na ni katika muda huo mwenye kinu cha posho Busia anaweza kupanga bei zake upya. Akingoja tangazo, amechelewa.

Kwanza jua uko kundi gani la bei. Nyumba ziko 10.1, biashara ndogo 10.2, viwanda vya kati 20, vikubwa 30. Watu wengi husoma kichwa cha habari kisemacho “umeme umeshuka”, kumbe kilichoshuka ni bei ya kundi la 20, na wao wako 10.1. Namba yako usiikisie: itafute kwenye ankara, au waulize kwenye ofisi ya UEDCL ya wilaya ukiwa na namba ya mita.

Kisha shika kalenda. Bei ya msingi hupangwa kwa mwaka na huanza Januari. Maombi yake huwasilishwa na kujadiliwa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Baada ya hapo hurekebishwa kila robo: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kwa hiyo tembelea tovuti ya ERA mara kwa mara kuanzia Septemba, na wiki mbili za mwisho wa kila robo. Matangazo ya vikao vya wadau huchapishwa pia magazetini, pamoja na siku ya mwisho ya kupeleka maoni.

Ombi la UEDCL pekee halitoshi. UEGCL huzalisha, UETCL hununua kwa jumla na kusafirisha, ndipo msambazaji auze. UETCL ikiongezewa bei ya jumla, utailipa wewe hata kama UEDCL haikuomba senti. Fungua maombi ya kampuni zote tatu.

Ndani ya ombi, ruka kurasa za kujisifu, nenda kwenye majedwali. Tafuta mambo matatu: mapato yanayohitajika, yuniti zinazotarajiwa kuuzwa, na asilimia ya umeme unaopotea njiani. Mapato yakipanda kwa asilimia 10 na mauzo yakapanda kwa asilimia 10, bei ya wastani haijasogea. Mapato yakipanda huku mauzo yamesimama, jiandae. Angalia pia faida inayoruhusiwa kwenye mtaji. Kampuni ya Umeme iliruhusiwa asilimia 20, na kuondoka kwake ni sababu mojawapo ya bei ya nyumbani kutoka shilingi 775.7 hadi 756.2 kwa yuniti Aprili ile ya 2025. Lakini kumbuka: kinachoombwa si kinachotolewa. ERA hukata, wakati mwingine sana, kwa hiyo lichukue ombi kama dari.

Marekebisho ya robo ni rahisi zaidi kukisia, maana hufuata vitu vitatu: thamani ya dola, mfumuko wa bei na bei ya mafuta duniani. Ya dola iko Benki Kuu ya Uganda, ya mfumuko iko UBOS, idara ya takwimu. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme bei ya msingi ilipangwa dola ikiwa shilingi 3,700, robo iliyopita ikawa 3,600, sasa ni 3,650. Ukilinganisha na msingi utasema bei itashuka. Lakini bei unayolipa leo tayari imebeba ile 3,600, hivyo kwa upande wa dola itapanda kidogo, ingawa itabaki chini ya ile ya msingi. Fanya hesabu kutoka kwenye msingi, kisha linganisha na bei ya sasa. Dola na mafuta vikivutana, huenda usione badiliko lolote.

Ukishapata bei mpya, ipitishe kwenye matumizi yako mwenyewe. Kwa bei za Aprili 2025, nyumba iliyonunua yuniti 100 kwa mwezi ililipa hivi: 15 za kwanza kwa 250, ni 3,750, 65 zinazofuata kwa 756.2, ni 49,153. 20 za mwisho, zilizozidi 80, kwa bei nafuu ya kupikia, 412, ni 8,240. Jumla 61,143, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha takriban 72,149. Matangazo hutoa bei kabla ya VAT, ndiyo maana hesabu ya mtu haikubaliani na tokeni yake.

Na ile mbio ya kujaza Yaka kabla ya bei kupanda? Yuniti zilizokwisha ingia kwenye mita hazipandi, ni kweli. Ila anayetumia 50 kwa mwezi akinunua 100 kwa mkupuo, anapoteza zile 15 za bei nafuu za mwezi unaofuata. Kwa bei zile za Aprili 2025, kabla ya VAT, atalipa 61,143 badala ya 60,434 kwa miezi miwili. Hata bei ya yuniti ikipanda kwa shilingi 10 mwezi wa pili, kununua mwezi kwa mwezi kungemgharimu 60,784.