Namna ya kufuatilia mjadala wa Bunge la Australia kuhusu gesijoto

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Melbourne tumeshaapa uraia, na uraia wa Australia una sharti ambalo kwetu halikuwepo: siku ya uchaguzi lazima upige kura, na usipopiga bila sababu unatozwa faini. Kwa hiyo kila miaka mitatu hivi tunaulizwa, pamoja na mengine mengi, nchi hii ipunguze gesijoto, yaani hewa zinazopandisha joto la dunia, kwa kiasi gani na kwa kasi gani. Mimi ni mtu wa Malindi. Nawahudumia wazee kwenye makao yao, zamu ya usiku, na nikiamka saa nane mchana nakuta Bunge linaanza kipindi cha maswali. Nimelisikiliza miaka mingi. Suala hili limewang'oa viongozi wa vyama na mawaziri wakuu, na sisi tulioziona mvua za kwetu zikibadilika tuna haki ya kulielewa kama wenyeji.

Kipindi cha maswali kiache mwisho. Ndicho kinachooneshwa kwenye taarifa ya habari, lakini ndani yake mna habari kidogo sana. Maswali mengi huulizwa na wabunge wa serikali yenyewe ili waziri wao apate nafasi ya kujisifu, na ya upinzani yametungwa ili kumnasa waziri. Tarehe 9 Februari 2017 Scott Morrison, wakati huo akiwa waziri wa fedha, aliingia bungeni na bonge la makaa ya mawe, akaliinua juu na kuwaambia wapinzani wasiogope. Lilikuwa limepakwa vanishi lisichafue mikono. Picha ilizunguka dunia nzima, na aliyeitazama hakupata tarakimu hata moja ya kumsaidia kupiga kura.

Anza na muswada wenyewe. Kwenye tovuti ya Bunge kila muswada una ukurasa wake: maandishi yake, maelezo ya serikali kwa kila kifungu, hotuba ya waziri ya kusomwa mara ya pili, na marekebisho yaliyopendekezwa. Kiingereza cha sheria kisikutishe. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2022 ni fupi, na kiini chake kimo katika kifungu cha 10: ifikapo 2030 gesijoto ziwe chini kwa asilimia 43 kulinganisha na 2005, na ifikapo 2050 nchi isitoe zaidi ya inachoweza kufyonza.

Hapo uliza swali ambalo wabunge wenyewe hulikwepa: asilimia hiyo inapimwa kutoka mwaka gani? Katika Mkataba wa Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kubana gesijoto, Australia ilipimwa kwa mwaka 1990, na lengo lake lilikuwa kutovuka asilimia 108, maana yake iliruhusiwa kuongeza. Muswada wa 2009 wa Kevin Rudd, waziri mkuu wa wakati huo, wa kuwatoza wachafuzi ulipima kwa mwaka 2000, na punguzo la chini kabisa lilikuwa asilimia 5. Ahadi ya Australia kwenye mkataba wa kimataifa wa Paris, mwaka 2015, asilimia 26 hadi 28, ilipima kwa 2005. Mbunge akizipanga namba hizi pamoja kana kwamba zimetoka kwenye mizani moja, jua anakupotosha, kwa kujua au kwa kutojua.

Mwaka 2005 nao una siri yake. Wakati ule ukataji wa misitu, hasa katika jimbo la Queensland, ulikuwa bado mkubwa, na hesabu ya gesijoto ya Australia hujumlisha ardhi. Queensland ilipobana sheria za kufyeka, jumla ya nchi ilishuka hata pale ambapo magari, migodi na mitambo ya gesi havikupunguza kitu. Ndiyo maana waziri wa chama chochote hupenda kusema tumeshapunguza sana. Sikatai, tumepunguza. Lakini tafuta jedwali linalotenganisha ardhi na mengineyo kwenye takwimu za serikali zinazotolewa kila robo mwaka, uone nani amebeba mzigo na nani hajaugusa.

Baada ya hapo, nenda kwenye kura. Jirani yangu, mama wa Uvira, tuliwahi kutazama pamoja akaniuliza, “Mwanangu, mbona wanahama viti? Wamegombana?” Nikamwambia, “Hapana mama, wanahesabiwa.” Kengele hulia dakika nne, milango hufungwa, wanaokubali huketi upande wa kulia wa Spika na wanaokataa upande wa kushoto. Majina yote huandikwa na hubaki kwenye kumbukumbu rasmi. Mbunge wako anaweza kukwambia chochote kwenye sherehe ya mtaa, pale ameandikwa.

Tarehe 4 Agosti 2022 muswada wa asilimia 43 ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 89 dhidi ya 55. Soma orodha jina kwa jina. Upinzani, yaani vyama vya Liberal na National, walikataa, wakisema lengo halihitaji kuwekwa kwenye sheria, lakini utalikuta jina la Bridget Archer, wakati huo mbunge wa Liberal kutoka Bass kule Tasmania, katika wale waliokubali. Wenzake wa chama walikuwa upande mwingine. Namheshimu kwa hilo, na sijali ni wa chama gani.

Seneti, baraza la pili la Bunge, ndiko miswada hii inakofia, na huko inabidi ujue kujumlisha. Kuna maseneta 76, kwa hiyo muswada ukitaka kupita wote wakiwepo unahitaji 39. Mwaka 2022 Labor, chama cha serikali, walikuwa 26 na Greens, chama cha watetezi wa mazingira, 12: jumla 38. Kwa sababu ya kura moja iliyopungua, seneta huru David Pocock alipata uzito kuliko vyama vingine vizima. Matokeo ya tarehe 8 Septemba yalikuwa 37 kwa 30. Usidhani waliobaki walilala. Wasiokuwepo hupangwa wawili wawili, mmoja wa kila upande, ili hesabu isivurugike.

Usikadirie kura kwa rangi ya chama, tafadhali. Tarehe 2 Desemba 2009 muswada wa Rudd ulianguka Seneti kwa 41 dhidi ya 33. Siku moja kabla, Malcolm Turnbull aliyekuwa tayari kuuunga mkono alipoteza uongozi wa Liberal kwa Tony Abbott kwa tofauti ya kura moja. Maseneta wawili wa Liberal walivuka wakapiga kura na serikali. Na Greens, wote watano, walikataa pamoja na upinzani, kwa hoja kwamba lengo ni dogo mno na wachafuzi wanalipwa fidia nyingi. Kura zao tano zingehama, hesabu ingekuwa 38 kwa 36 na muswada ungepita. Watu hapa bado wanagombana nani wa kulaumiwa. Mimi naona vyama vyote vitatu, Labor, Liberal na Greens, vilichangia, lakini soma hotuba zao kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, uamue.

Ukishajua lengo, tafuta mtambo wake, yaani sheria inayowalazimisha wachafuzi kupunguza. Asilimia peke yake haizimi tanuru. Bei ya kaboni ya waziri mkuu Julia Gillard, malipo ya wachafuzi kwa gesijoto wanazotoa, ilianza tarehe 1 Julai 2012 kwa dola 23 kwa tani, ikafutwa tarehe 17 Julai 2014 baada ya serikali kubadilika. Mtambo wa sasa ulirekebishwa Machi 2023: viwanda na migodi inayotoa zaidi ya tani 100,000 za gesijoto kwa mwaka ina kikomo kinachoshuka asilimia 4.9 kila mwaka hadi 2030. Kampuni ikikivuka, inaweza kununua hati za kaboni, yaani vyeti vya punguzo lililofanywa na wengine, badala ya kupunguza yenyewe. Huo ndio mjadala wa kusikiliza kwa makini, na hupewa muda mfupi kwenye televisheni.

Ugomvi umeanza upya. Septemba 2025 serikali ilitangaza lengo la 2035, asilimia 62 hadi 70 chini ya 2005. Novemba mwaka huohuo National na kisha Liberal waliacha ahadi ya 2050, ile ya nchi kutotoa zaidi ya inachofyonza. Baada ya uchaguzi wa Mei 2025 Labor na Greens wakiungana wanafika 39, kwa hiyo tazama zaidi mazungumzo kati yao wawili.

Muswada mpya ukipelekwa kwenye kamati ya Seneti, mtu yeyote anaweza kutuma maoni kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kamati. Kurasa mbili zinatosha. Andika unaishi wapi, unafanya kazi gani, joto la Januari linawafanya nini wazee unaowahudumia au watoto wako, kisha taja namba ya kifungu unachotaka kibadilishwe na kibadilishwe vipi. Nakala moja itume ofisi ya mbunge wa jimbo lako, na umuulize atakaa upande gani kengele ikilia.