Una MS na uko Dar? Namna ya kuomba msaada kwenye tawi la chama cha walemavu

Uingereza wenye MS (maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo) wana chama chao, MS Society, tangu 1953, na kina vikundi vya mitaani, watu wanakutana, wanafanya mazoezi, wanapeana njia. Huku Dar mlango wa karibu ni vyama vya walemavu, mfano CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania) kwa wenye ulemavu wa viungo. Unaweza kumkuta mtu wa mapokezi hajawahi kusikia maltipo sklerosisi maishani mwake, usikasirike, nenda na karatasi zinazojieleza zenyewe.

Anza na daktari, na hapa ndo pa kukomaa. Usikubali cheti kilichoandikwa jina la ugonjwa tu na sahihi. Mwombe aandike unashindwa nini: unatembea umbali gani kabla mguu haujaanza kuburuta, jicho linaonaje, unaweza kushika kikombe bila kukidondosha, mkojo unakubana vipi, uchovu ukoje. Afu aongeze kwamba hali inapanda na kushuka, maana kwenye MS kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo leo unatembea fresh na wiki ijayo unashika ukuta. Bila sentensi hiyo mtu wa ofisini atakuona umeingia kwa miguu yako atasema huyu mbona mzima. Majibu ya MRI (kile kipimo cha picha ya ubongo na uti wa mgongo) toa kopi, orijino usimwachie mtu yeyote hata akikuahidi nini.

Ukimaliza hapo nenda serikali ya mtaa ukachukue barua ya utambulisho. Angalia jina lifanane herufi kwa herufi na la NIDA na la kwenye faili la hospitali, Mwanahamisi na Mwanahamis kwako ni mtu mmoja ila mezani ni watu wawili. Muhuri usomeke, ukiwa umefifia waambie hapo hapo wagonge tena.

Afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa ndo anafuata. Atakuuliza mnaishi wangapi, nani anatafuta hela, una bima au huna. Jibu ukweli, wabongo tuna aibu ya kusema hatuna, tunavaa vizuri siku ya kuomba kisha tunashangaa kunyimwa. Ila kama shida yako ni bili ya matibabu usiende manispaa kwanza, ulizia ofisi ya ustawi ndani ya hospitali hiyo hiyo unayotibiwa, na uwahi kabla bili haijawa mlima.

Sasa tawi. Beba kopi za vyote hivyo, namba ya NIDA, pasipoti saizi, na barua ya maombi ya ukurasa mmoja yenye ombi moja. "Naomba msaada" haimwambii mtu kitu, "naomba kiti cha magurudumu" anajua aanzie wapi. Mimi nisingetegemea tawi kwa hela, faida yake ni kujua watu: afisa yupi anasikiliza, lini uende hospitali ya CCBRT pale Msasani kwa mazoezi tiba, kikundi gani kinaomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba, maana kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 2 ni za watu wenye ulemavu (wanawake 4, vijana 4), na wengi wenye MS hawajui kama na wao wamo.

Halafu joto. MS na jua la Dar haviivani, mwili ukipata moto miguu inalegea na macho yanafifia, kwa hiyo ofisi zote hizi nenda asubuhi, na chupa ya maji baridi, na ndugu wa kukushikia foleni wakati umekaa. Januari hadi Machi ukiweza mtume yeye na barua yako yenye sahihi.

Kabla hujatoka tawini, kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na uchukue jina na namba ya simu ya aliyepokea.