Kabla hujapasua seli zako kutafuta fosfeti, jiandae hivi

Kama unataka kupima protini fulani ina fosfeti au haina, usianze na seli, anza na saa. Fosfeti sio kitu kinachogundishwa kwenye protini kikatulia, vimeng'enya vinavyoitwa kinasi vinaichukua kwenye ATP (molekuli ya nishati ya seli) na kuibandika kwenye serini, threonini au tairosini, ambazo ni amino asidi za protini, vimeng'enya vingine, fosfatasi, vinakuja kuibandua, na seli inasoma hivyo vibandiko kujua igawanyike, ihame, ihifadhi sukari au ife. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Na watu wengi wanaumia hapa: ukishapasua seli fosfatasi hazifi nayo, zinaendelea na kazi ndani ya kichupa chako.

Barafu iwe tayari. Bafa ya kupasulia iwe imeshapoa. Vichupa viandikwe kabla, sio wakati mikono imelowa. Zinyime seli seramu (majimaji ya damu tunayowekea chakula chao) kwanza, masaa kadhaa au usiku kucha, maana seramu imejaa vichocheo na utakuta hata sampuli yako ya dakika sifuri, ambayo hujaichochea, tayari inawaka. Kama unachochea na EGF (kichocheo cha ukuaji) ukiangalia ERK (kinasi inayopata fosfeti seli ikichochewa), ujue ishara inapanda ndani ya dakika 5 hadi 10 afu kwa seli nyingi inaanza kushuka, sasa we ukichukua sampuli moja tu baada ya lisaa utaandika ishara haipo kumbe imeshapita. Na usizibebebebe seli ovyo, zikikauka au zikikaa muda nje ya inkubeta zinaona ni shida na kinasi za msongo kama p38 na JNK zinaweza kuwaka zenyewe.

Sasa vizuizi vya fosfatasi. Hapa naomba usome polepole.

Nilikuwa najaribu dawa iliyotakiwa izime njia ya ERK, sahani 6 bila dawa, sahani 6 zenye dawa, zote nikazichochea na EGF. Bafa yangu ilikuwa na vizuizi vya protiezi tu, vile vya kuzuia protini isikatwekatwe, nikaona inatosha. Nikizipasua zote, nashughulika na zile zisizo na dawa kwanza mpaka mwisho, napima protini, naweka bafa ya sampuli, nachemsha, ndo narudi kwa zenye dawa ambazo muda wote huo zimekaa mezani, hata barafu hamna, kama nusu saa hivi. Bloti, ile picha ya bendi za protini zinazoonyeshwa na antibodi, ikatoka safi ajabu: kwa ERK yenye fosfeti, bila dawa bendi nene nyeusi, zenye dawa kivuli tu, na ERK jumla, yenye fosfeti na isiyo nayo, iko sawasawa mstari wote. Nilifurahi jamani. Nikarudia mara 3 kwa mpangilio ule ule, jibu lile lile, nikapeleka kwenye kikao cha maabara. Dada mmoja aliyenitangulia miaka mingi akaangalia picha kimya, afu akaniuliza, "Mdogo wangu, ulichemsha zipi kwanza?"

Nikaenda kugeuza zamu. Zenye dawa zikatangulia, na bendi zikageuka nazo, sasa zisizo na dawa ndo zikafifia. Yani dawa haikuwa imezima kitu, fosfatasi zilikuwa zinabandua fosfeti pale mezani mimi nikihangaika na vichupa. Na ile ERK jumla niliyokuwa naitegemea isingeweza kunistua, kwa sababu protini yenyewe haikuguswa, kilichoondoka ni kama dalton 80 tu kwenye protini ya dalton 42,000 au 44,000. Wiki tano za kazi zilienda, na nilikuwa nimeshamwambia mwenzangu aagize dawa nyingine zaidi, hiyo bado inaniuma.

Kwa hiyo weka vizuizi kwenye bafa siku hiyo hiyo: floridi ya sodiamu na beta-gliserofosfeti kwa fosfatasi za serini na threonini, vanadeti kwa za tairosini. Vanadeti nayo ina masharti, iweke pH 10 uichemshe mpaka rangi ipotee, irudishe pH, uchemshe tena, ikibaki njano bado haiko tayari. EDTA na DTT zinaiharibu, so soma bafa yako ina nini kabla hujachanganya. Afu changanya mpangilio wa sampuli, zenye dawa na zisizo nazo zipishane, zisikae makundi mawili.

Utunzaji wenyewe unabadilisha fosfeti, na hili lilijulikana tangu mwanzo kabisa. Edmond Fischer na Edwin Krebs, miaka ya 1950, walipokuwa wanahangaika na fosforilezi ya misuli (kimeng'enya cha kuvunja glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa), waligundua inabadilika kulingana na kama umechuja kwa karatasi au hukuchuja, kumbe karatasi ilikuwa na kalsiamu iliyoamsha kinasi. Wao walifuatilia hicho kikwazo badala ya kukipuuza, na mwaka 1992 wakapewa Nobel.

Kabla hujaagiza antibodi jua unatafuta fosfeti ya sehemu gani, maana fosfeti haimaanishi imewashwa. Kinasi iitwayo Src ikibandikwa tairosini 416 inawaka, ikibandikwa 527 inajikunja na kuzima. Kinasi nyingine, GSK3 beta, ikipata fosfeti kwenye serini 9 inazimwa. Kwenye glikojeni, kimeng'enya cha kuivunja kinawashwa na fosfeti na cha kuijenga kinazimwa na fosfeti hiyo hiyo, so ukiandika "fosfeti imeongezeka" bila kusema wapi hujasema kitu.

Membreni, ile karatasi ya bloti, usiizibe kwa maziwa kama antibodi yako inashika fosfeti kwa ujumla, kesini, protini ya maziwa, yenyewe imejaa fosfeti, tumia albumini. Weka na mstari mmoja uliotibiwa na fosfatasi ya lamda makusudi, bendi ikibaki pale pale basi antibodi yako haioni fosfeti. Gawa sampuli kidogo kidogo kabla ya kugandisha, usiyeyushe na kugandisha tena na tena. Andika dakika kwenye daftari, sio kichwani. Usianze jioni umechoka, usimwachie mtu sampuli "dakika moja tu", na bafa ya wiki iliyopita ukiwa na wasiwasi nayo imwage utengeneze nyingine.