Jinsi ya Kubuni Jaribio la Sayansi la Kwenda Anga za Juu: Mwongozo kwa Skuli za Unguja na Pemba

Mwanafunzi wa sekondari wa Mkoani au Mwanakwerekwe anaweza kubuni jaribio linalostahili kurushwa anga za juu bila ya kuwa na maabara kubwa. Kinachoangusha wazo mara nyingi ni swali lenyewe, kwa kuwa jibu lake lingepatikana vilevile juu ya meza ya darasani.

Anzeni kwa kujua ni chombo gani kitakachobeba jaribio, maana kila chombo kina mazingira yake. Mpango wa Cubes in Space huwapa wanafunzi wa miaka 11 hadi 18 nafasi, bila ya malipo, ya kupeleka kifaa kinachoingia katika kijisanduku chenye upande wa sentimita 4, kwa roketi au kwa puto. Ndani ya puto linaloelea juu angani uzito haupotei hata kidogo. Kinachopatikana huko ni hewa nyembamba, baridi na mionzi. Roketi ya utafiti hutoa dakika chache tu za hali ya kutokuwa na uzito. Anayetaka siku au wiki huhitaji Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na huko ndiko mpango wa Marekani wa Student Spaceflight Experiments Program, ulioanzishwa mwaka 2010, umekuwa ukipeleka majaribio ya wanafunzi ndani ya mrija mdogo wa silikoni. Mrija huo unaweza kugawanywa vyumba viwili au vitatu kwa vibanio, na mwanaanga hufungua kibanio siku iliyopangwa ili vilivyomo vichanganyike. Sharti za kushiriki zisomwe mapema, kwani si kila mpango unapokea maombi kutoka kila nchi. Hata hivyo, mrija wa aina hiyo ni kipimo kizuri cha kujifunzia ubunifu, na mwongozo huu unaufuata.

Swali litoke katika kile kinachobadilika. Kituo huruka kilomita 400 hivi juu yetu, ambako nguvu ya uvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ile ya ardhini. Waliomo huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, huku mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa ukiwazungusha dunia kwa dakika 90 hivi. Katika hali hiyo kizito hakizami, chepesi hakipandi, povu halikimbilii juu, na maji yaliyopashwa moto hayajizungushi yenyewe. Kama jambo mnalotaka kulichunguza halitegemei hata kimoja kati ya hivyo, litafuteni jingine. Wanafunzi wetu hupenda kupendekeza mwani, na ni fahari kufanya hivyo, lakini mwani unahitaji mwanga na maji yanayotembea, navyo mrija uliofungwa hauwezi kuvitoa.

Tuchukue wazo linalovutia zaidi: je, mafuta ya nazi na maji yakitikiswa pamoja, yatatengana pasipo uzito? Swali ni zuri, lakini lina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi, kama kila nyumba inavyoona wakati wa kipupwe, na hewa ya kituoni inaweza kuwa na ubaridi huo; mafuta ya ufuta yangeondoa tatizo hilo. Wa pili ni mkubwa zaidi. Mrija unaporudi duniani, uzito nao unarudi, na mafuta yatapanda juu kabla ya mwanafunzi kuuona. Matokeo lazima yafungwe yakiwa bado huko angani, ama sivyo kitakachopimwa ni safari ya kurudi.

Kwa sababu hiyo naona choroko inafaa kuliko mafuta. Mzizi hujua chini ni wapi kwa kuhisi uvutano, na ukishakua umeshajiandika wenyewe: umbo lake hubaki likionyesha upande ulioufuata, hata baada ya kurudi duniani. Chumba cha kwanza kitiwe mbegu chache kavu pamoja na nafasi ya hewa, cha pili maji, na cha tatu dawa ya kusimamisha ukuaji, ambayo lazima ikubaliwe na wakaguzi wa usalama. Maji yafunguliwe siku tano kabla ya mrija kuondoka kituoni, dawa siku mbili kabla. Mbegu kavu zina faida nyingine pia: roketi ikiahirishwa kwa wiki kadhaa, hazichachi kama tui.

Kabla ya kuandika pendekezo, jaribuni hapa hapa. Toboeni chupa ya maji upande wa chini na kuiachia kutoka ghorofani, mita tano hivi, baada ya kuhakikisha hakuna mtu chini. Kwa muda wa sekunde moja ya kuanguka, maji yataacha kutoka. Kwa choroko, tumieni mota ya mshale wa sekunde wa saa ya ukutani, unaozunguka mara moja kwa dakika, kubebea kisahani chepesi kilichosimamishwa wima. Uvutano hauondoki, ila mzizi haupati upande mmoja wa kuufuata. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu imewahi kugawa mashine za aina hii kwa skuli na vyuo vya nchi mbalimbali.

Mrija unaoruka lazima uwe na pacha wake ardhini, wenye mbegu za mfuko uleule na maji ya kipimo kilekile. Pacha huyo awekwe katika chumba chenye kiyoyozi, kwa joto linalolingana na la kituoni, kwani choroko iliyoota katika joto la Unguja la nyuzi 30 itatofautiana na ile ya angani kwa sababu isiyohusiana na uvutano. Afunguliwe pia wakati uleule. Saa za kituoni hufuata wakati wa Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kibanio kinachofunguliwa huko 08:00 hufunguliwa kwetu saa tano asubuhi, na ratiba hiyo iandikwe wazi ndani ya pendekezo pamoja na jina la mwanafunzi atakayeshika zamu.