Namna ya Kukadiria Muda wa Kuvunjwa kwa Nywila

Chukua idadi ya alama zinazoweza kutumika, kisha uizidishe kwa yenyewe kulingana na urefu wa nywila: herufi ndogo 26 za kibodi katika nafasi 8 hutoa michanganyiko bilioni 208 na ushei. Gawanya kwa kasi ya mashine. Tukichukulia majaribio bilioni 10 kwa sekunde, yote humalizika kwa sekunde 21, na kwa wastani nusu ya muda huo hutosha. Nafasi 12 huhitaji takribani siku 110. Lakini hesabu hii, nawasihi ndugu zangu wa Tanga, haifai kabisa kwa nywila kama “Ngamiani2024”, kwa kuwa mvunjaji huanza na majina ya mitaa na miaka kabla ya kupapasa herufi mojamoja.